Matanga ya Mlinzi wa Dakika ya Pili

Kutoka Uvira, Kongo, mpaka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, nilitumia muda mrefu kuliko wote niliotoka nao, na sababu ni moja: kila mahali nilipokuta televisheni na mabenchi, nilikaa. Wenzangu walikimbia vita wakitafuta pa kulala. Mimi pia nilikimbia vita, ila nikifika mji mpya nilitaka kwanza kujua leo wanaonyesha nini.

Kalemie, tukingoja meli, nilitazama filamu kupitia tundu la ukuta wa mabati. Tundu lilionyesha nusu ya kioo tu, kwa hiyo mpaka leo sijui yule mwanamke mwenye kanzu nyekundu alikuwa anamlilia nani. Mpulungu, upande wa Zambia, niliona filamu isiyo na sauti kwa sababu mwenye kibanda alikuwa ameuza spika. Tunduma ndiko nilikokaa zaidi. Mchana nilibeba magunia mpakani, na baada ya kazi niliingia kwenye kibanda ambamo mtu mmoja mnene aliketi kando ya televisheni na kipaza sauti, akitafsiri filamu za Wazungu kwa Kiswahili, akitoa sauti ya kila mtu aliyemo: jambazi, polisi, bibi wa polisi, hata mbwa. Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile. Siku moja sauti ilimkauka, nikashika kipaza sauti. Sikukiachia mpaka polisi walipoanza kuuliza vibali, ndipo nikavuka Kasumulu na kuingia Malawi.

Karonga, kwenye joto lile, ofisa aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia natafsiri filamu. Aliandika kwamba sina kazi. Kisha lori likatupakia, tukapita Mzuzu, tukapita Mponela na marobota yake ya tumbaku kando ya barabara, tukashushwa Dzaleka. Nilitegemea kuona mahema kama kwenye sinema. Nilikuta nyumba za tofali za udongo, makanisa, vinyozi, mashine za kusaga mahindi, na sauti ya bunduki ikitoka kwenye spika. Niliifuata hiyo sauti mpaka kwenye kibanda cha video kabla sijaonyeshwa pa kulala.

Mwenye kibanda kile alikuwa Mnyarwanda mmoja mfupi, mcheshi, aliyepitia Kongo kabla ya kufika huku, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko kwetu. Aliniuliza kama najua Kiingereza. Nilimwambia najua cha kutosha. Akacheka.

"Cha kutosha kuongea, ao cha kutosha kudanganya?"

"Vyote viwili, boss."

"Basi kaa pale. Bantu bakicheka pahali ba ndani ya filme banalia, nakufukuza."

Hakunifukuza. Miaka yangu mingi ya Dzaleka niliimaliza kando ya televisheni ile, nikiwapa sauti watu ambao hawakujua kama nipo duniani. Na niseme wazi, kwa sababu wengine wanaotengeneza filamu kwa mfuko wao hupenda kudharau filamu za studio kubwa: mimi nilizipenda. Zilinilisha. Zilinifundisha kwamba mlango ukifungwa hapa unaweza kufunguka nchi nyingine, na mtazamaji akakubali. Mtu mwenye uwezo wa kufunga barabara nzima ya mji ili gari moja likimbie ana haki ya watu kulitazama likikimbia.

Lakini kuna mama mmoja alinivurugia raha hiyo. Alikuwa mshonaji kutoka vijiji vya Fizi, na cherehani yake ilikuwa chini ya baraza linalotazamana na kibanda chetu. Mteja wake mmoja alikuwa ndani, amesahau suruali yake, naye akaingia kumpelekea. Kwenye kioo shujaa alikuwa anaingia kwenye jumba la adui. Mlinzi wa kwanza akaanguka. Wa pili, wa tatu. Mimi kwenye kipaza sauti nilikuwa nawatolea milio ya kufa, kila mmoja wa kwake, na watu wanashangilia. Yule mama alisimama mlangoni na suruali mkononi.

"Ndugu yangu," akaniita, kwa sauti iliyosikika kibanda kizima, "huyu mutu anaua bantu bote hawa. Matanga yabo iko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. "Mama, toka kwa mlango! Matanga utaikuta kwa kanisa!"

"Mi nauliza tu. Hawa habana bamama? Habana babibi?"

"Hiyo ni filme, mama," nikamwambia kwenye kipaza sauti. "Filme haina nafasi ya matanga."

"Nani alisema haina?"

Shujaa alikuwa anaongea, ikabidi nirudi kazini. Lakini kuanzia siku hiyo nilianza kuona kitu ambacho nilikuwa nimekipitia mara elfu. Katika filamu zile kuna mtu anayekufa dakika ya pili. Ana sare, hana jina. Anakohoa, anawasha sigara, anageuka, basi. Kamera inamruka kama mtu anavyoruka shimo la maji. Na mara nyingi, filamu ikiwa inatokea upande wetu wa dunia, mtu huyo ana sura kama yangu.

Nikaamua kutengeneza filamu itakayobaki naye. Shujaa apige risasi, aende zake na hadithi yake. Sisi tubaki na maiti.

Kamera ilikuwa ya kijana mmoja, Mnyarwanda pia, mtu wa miaka thelathini na kitu, aliyekuwa akipiga video za harusi na ubatizo. Aliinunua mitumba, Old Town ya Lilongwe, na aliitunza kuliko meno yake. Nilipomweleza, aliiweka kamera chini, akaniita yaya, kwetu ndiyo kaka mkubwa.

"Yaya, ngoja nielewe. Filme inaanza, mutu anakufa. Kisha?"

"Kisha tunamlilia."

"Na kisha?"

"Tunamzika."

"Na mapigano iko saa ngapi?"

"Haiko."

"Basi si filme, yaya. Hiyo ni siku ya Jumamosi hapa Dzaleka."

Hata hivyo alikuja. Nadhani alichoka kupiga keki za harusi. Mabenchi tuliyahitaji, na mabenchi yalikuwa ya mwenye kibanda. Alikubali kuyatoa kwa sharti moja: awe mwigizaji mkuu. Nikampa sehemu ya mlinzi. Alifurahi, akashonesha sare kwa yule mama wa cherehani, na ni siku ya kupiga tu ndipo alipouliza anakufa lini.

"Dakika ya pili, boss."

"Dakika ya pili? Mi natoa mabenchi yote, nakufa dakika ya pili?"

"Lakini filme yote inaongea juu yako."

"Nikiwa wapi?"

"Ndani ya sanduku."

Alituma watu wayarudishe mabenchi. Tulimbembeleza mpaka akakubali kufa, lakini alikufa polepole sana, kwa kulipiza kisasi, akishika ukuta, akishika mlango, akishika mti. Shujaa tulimwonyesha viatu tu. Hatukuwa na mtu wa kuwa shujaa, na viatu vizuri tuliazima.

Shida yetu kubwa haikuwa picha, ilikuwa sauti. Karibu na kila nyumba ya Dzaleka kuna mashine ya kusaga, ao kanisa lenye spika, ao vyote. Studio kubwa hujenga chumba kizima kisichopitisha hata mbu. Sisi tulifanya kinyume cha majirani wetu wote: tuliombea umeme ukatike. Kijana wa kamera alijaza betri zake mapema, waigizaji wakashona, wakanyoa, wakauza nyanya kama kawaida, na umeme ukikatika tu, mashine zikanyamaza, spika zikanyamaza, utaona watu wanaacha kazi zao na kukimbilia kwetu wakifunga vitambaa vya kichwa. Mtaa mzima unalaani kampuni ya umeme, sisi tunapiga makofi. Mara nyingine umeme ulirudi katikati ya sentensi ya mtu. Tuliiacha sentensi hapo hapo. Ukiitazama filamu ile leo, utaona watu wanakatiza maneno ghafla na kutazama pembeni. Mtaalamu mmoja alikuja kuniambia baadaye kwamba ni mtindo mzuri sana.

Mjane wa mlinzi alikuwa yule mama wa cherehani. Hakuna mwingine aliyefikiriwa. Yeye ndiye aliyeuliza matanga yako wapi, kwa hiyo tulimwambia akae kwenye mkeka wake.

Sasa, siku ya kupiga matanga tulikosea, na ni kosa ambalo watu wa studio hawawezi kulifanya hata wakijaribu. Tulifunga turubai mbele ya nyumba, tukapanga mabenchi, tukatandika mikeka, tukawasha gogo la moto kwa ajili ya wanaume, kama kwetu. Juu ya meza ndogo tukaweka picha ya marehemu, mshumaa na sahani ya rambirambi. Picha ilikuwa ya mwenye kibanda, amevaa tai. Majirani wa karibu tuliwaambia kwamba ni filamu. Wa mbali hatukuwaambia. Na Dzaleka, ukiona turubai, gogo la moto na sahani, huulizi. Unapita nyumbani kuchukua chochote, unakuja kukaa.

Wa kwanza alikuja mwanamke wa Kirundi na kikombe cha maharage. Wakaja wawili na unga. Akaja mtu na mkaa. Kisha habari ikaenea kwamba mwenye kibanda cha video amekufa, na wateja wetu wote wakaja mbio, wanaume wazima wakilia, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya filamu mpya. Kwaya ya kanisa la jirani ikafika ikiwa tayari imeanza kuimba. Mwenye kibanda alikuwa nyuma ya nyumba anakula muhogo. Aliposikia kelele akatoka kuona kuna nini.

Mama wa Kirundi alitupa kikombe. "Yezu! We umekufa ao haujakufa?"

"Nilikufa juzi," alisema kwa hasira, mdomo umejaa. "Dakika ya pili!"

Ilichukua muda kuwatuliza watu. Wengine walicheka, wengine walitaka kutupiga, na walikuwa na haki. Nikasimama kwenye benchi, nikaomba msamaha, nikasema kila mtu achukue alicholeta arudi nacho nyumbani. Hapo nikaharibu zaidi. Mama mmoja mzee wa kwaya akaniuliza kwa upole kama nina akili.

"Mutoto wangu, rambirambi inarudishwaka wapi? Unga ikishaingia kwa matanga inarudi na nani? Inarudi na kifo. We unataka tubebe kifo kwa manyumba zetu?"

"Lakini hakuna mutu alikufa, mama."

Alitazama benchi zote zile. "Hakuna?" akasema. "Hapa kuna nani hakufiwa? Hapa kuna nani alizika bantu bake bote na mikono yake? Tukae. Kila mutu alie wake."

Walikaa. Na umeme, ambao tulikuwa tunaungoja tangu asubuhi, ukakatika. Mashine ya kusaga ikazunguka mara ya mwisho ikanyamaza. Kijana wa kamera alinitazama, nikamwashiria. Akaiwasha.

Yule mama mshonaji alikuwa na maneno tuliyompa. Hakuyatumia hata moja. Mume wake alitekwa huko Fizi wakitoka shambani, akapelekwa milimani, na hakuonekana tena, wala mwili. Kwa sababu hakukuwa na mwili, ukoo wa mume ulikataa kuweka matanga. Kaka mkubwa wa mume, ambaye sasa alikuwa kambi ya Meheba, Zambia, alikuwa akimwambia kwenye simu mwaka baada ya mwaka: huyo atarudi, we ngoja. Bila kaka huyo kukubali, hakuweza kukaa kwenye mkeka, wala kuondoa matanga, wala kuitwa mjane. Hakuwa bibi wa mtu, na hakuwa mjane wa mtu. Sasa alikuwa amekaa kwenye mkeka, na watu wamejaa, na unga umeletwa. Akaanza kuongea na mume wake. Alimwambia habari za miaka yote. Alimwambia nani aliolewa, nani alizaa, shamba lilichukuliwa na nani. Alimgombeza kwa kupitia njia ile siku ile. Kisha akalia, na wanawake wakamshika, na kila mmoja akalia wake, Warundi, Wanyarwanda, sisi. Robo saa nzima, bila kukata, mpaka betri ikafa.

Baadaye tulipika ule unga wote, tukala bugali pamoja, na mwenye kibanda akagawa maji ya kunawa, marehemu mwenyewe. Yule mama mshonaji alinivuta pembeni. Macho yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

"Hii filme, ndugu yangu. Inaweza fika Meheba?"

"Inaweza."

"Shemeji yangu aone. Aone bantu balikuja, aone nilikaa. Hatasema tena nilimutupa kaka yake. Akiona, itabidi amalize matanga."

Nikamwahidi.

Tulipomaliza kuunganisha vipande, mtu mmoja wa shirika la misaada alikiona kipande kidogo kwenye simu ya kijana wa kamera, akakituma kwa mtu, naye akakituma kwa mwingine, na siku moja tukaitwa Lilongwe, City Centre, kwenye ofisi za kampuni inayotengeneza filamu kubwa pamoja na watu wa Afrika Kusini na Ulaya. Tulipanda na mashati yetu ya kanisani. Ghorofani kulikuwa na televisheni pana kama kitanda cha watu wawili na baridi ya kutosha kuhifadhi nyama. Aliyetupokea alikuwa mama wa Kimalawi, mwenye heshima, aliyesoma ng'ambo. Alituita *bambo*, yaani baba, kila mmoja wetu, akatupa chai, akaitazama filamu yetu yote bila kugusa simu yake. Mwisho alifuta macho. Sitamsingizia: aliyafuta kweli.

Kisha akaanza kuzungumza, kwa Kiingereza. Walitaka kuichukua. Hadithi ina nguvu, alisema, ila inahitaji mtu wa kuishika mkono dunia: mwandishi wa habari kutoka nje anayekuja kambini kumtafuta aliyemuua mlinzi. Lugha iwe Kiingereza. Nyumba za tofali hazionyeshi kwamba ni kambi, watapiga kwenye mahema. Mjane ataigizwa na mwigizaji anayejulikana. Na matanga yatabaki, bila shaka, ni moyo wa filamu, lakini yafupishwe yawe nusu dakika hivi, na muziki.

"Mtazamaji hawezi kuvumilia robo saa ya kilio," alisema.

"Yule mshonaji alivumilia miaka," nikamjibu.

Kijana wa kamera akanipiga teke chini ya meza. "Tuliza kwanza, yaya," akasema kwa Kiswahili, akitabasamu upande wa yule Mmalawi. "Tuliza, tusikie mpaka mwisho."

"Nakuelewa, bambo," yule Mmalawi akasema. "Kwa hiyo tungependa mshonaji wenu awe nasi pia, kama mshauri. Amfundishe mwigizaji wetu kulia namna ile. Fikirini. Mkibaki nayo hivi, itaonwa na Dzaleka. Mkinipa, itaonwa na dunia."

"Dunia itaona nini?"

"Hadithi yenu."

"Mama wetu wa cherehani hatakuwemo. Lugha yake haitakuwemo. Watu waliokuja na unga hawatakuwemo. Sisi tuko wapi ndani ya hiyo hadithi yetu?"

Hakukasirika. Alisema hivi ndivyo filamu zinavyotengenezwa, na alisema kweli. Ndiyo tofauti niliyoanza kuielewa pale, kwenye baridi ile. Studio inaweza kurudia. Mvua ikinyesha wanarudia kesho, mtu akilia vibaya analia tena, akilia vibaya tena analetwa mwingine. Nguvu zao zote ziko katika kurudia. Sisi tulikuwa na kitu kimoja tu ambacho fedha zao zote hazingeweza kukipata, nacho ni kwamba hatukuweza kurudia. Nikasema hatuiuzi. Nikanywa chai yangu mpaka mwisho, nikashukuru, *zikomo kwambiri*, nikasimama.

Tuligombana mpaka Old Town. Pale kwenye magari ya kurudi, katikati ya wauza chipsi, kijana wa kamera alinigeukia na kunipigia kelele.

"We ni nani? Kamera ni yangu! Miaka yote napiga keki ya bantu, mulango inafunguka, we unaifunga na mguu!"

"Si filme yako, si filme yangu. Ile kilio ni ya nani?"

"Basi mama aseme mwenyewe! Akikubali, unanyamaza?"

"Nanyamaza."

Tulimkuta kwenye cherehani. Kijana alimweleza vizuri, bila kuficha kitu, hata habari ya hema na mwandishi. Mama aliendelea kukanyaga pedali. Kijana alipofika kwenye habari ya kumfundisha mwigizaji kulia, mguu wa mama ulisimama.

"Nimufundishe nini?"

"Kulia, mama. Vile ulilia."

"Nimufundishe kumulilia bwana yangu?" Alicheka kidogo, si kwa furaha. "Na shemeji akitazama, ataona nani kwa mkeka? Ataona ule mwanamke ya televizyo. Atasema, ndiye huyu sasa bibi ya kaka yangu? Wala. Mi nilishalia. Waende balie babo."

Akarudi kwenye kitambaa chake. Kijana wa kamera alikaa chini kwenye tofali, akashika kichwa. Lakini hakubisha tena, na kwa hilo namheshimu.

Tuliionyesha kwetu, Jumapili baada ya ibada, kwenye kibanda. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu kwa mazoea, na hapakuwa na cha kutafsiri. Viatu vya shujaa vilipoingia watu walishangilia. Mlinzi akafa, akishika ukuta, mlango na mti, wakacheka mpaka mabenchi yakatikisika. Kisha viatu vikaondoka na kamera ikabaki. Watu wakangoja. Wakageuka.

"Opereta, umelala? Shujaa ameenda wapi? Tumemupoteza!"

"Ameenda," nikajibu. "Muacheni aende."

Wakapiga miluzi. Wawili wakatoka. Wengine wakabaki, kwanza kwa kujiona wenyewe kwenye kioo, "Huyu ni mimi! Tazama, huyu na mkaa!", kisha kwa kitu kingine. Robo saa ile ilipoanza, wanaume wakavua kofia. Mama mshonaji alikuwa amesimama mlangoni, hakukaa, akijitazama kama mtu anayehakikisha kwamba mshono umeshika.

Kampuni haikutungoja. Msimu wa kiangazi walikuja kupiga filamu yao, ya mwandishi na mahema, kwenye uwanja kando ya barabara ya Dowa. Walisimamisha kambi nyeupe, safi, mwendo mfupi tu kutoka kambi yenyewe, na wakachukua watu wa Dzaleka kukimbia na kuanguka. Siwalaumu watu walioenda. Kijana wa kamera alipata kazi ya kubeba taa, akasema ataangalia wanavyofanya ajifunze. Nami niliitwa. Walihitaji mtu mwenye sauti, anayejua Kiswahili, asimame kwenye gari na kipaza sauti awaambie watu wafe lini. Waliniuliza kwa adabu kabisa.

Nilikwenda mpaka pale, nikatazama. Watu niliowajua, waliokuja kwetu na maharage, walikuwa wamejipanga wakingoja risasi. Nikakataa. Mwenye kibanda aliposikia alikuja juu: filamu hiyo ikitoka ataionyesha, na mimi ndiye nitakayeitafsiri, ama nitafute kibanda kingine. Nikamwambia nitatafuta. Nilikuwa nimekaa mahali pamoja muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa tangu Uvira, na miguu ilikuwa imeshaanza kuniuliza. Zaidi ya hapo, nilikuwa na ahadi ya Meheba.

Siku niliyoondoka Dzaleka kwa mara ya mwisho nilimpitia mama kwenye cherehani. Hakunikumbatia, hakulia. Alininyooshea kidole kama mtu anayetuma mtoto sokoni.

"Usimuelezee kitu. Ukianza kumuelezea, atabishana. Umukalishe tu mbele, aone yote."

"Yote, mama."

"Akitaka kuondoka katikati, ukae kwa mulango."

Old Town, nikiwa nimeshapata kiti kwenye gari la Mchinji, mpakani na Zambia, nilisikia mtu anagonga dirisha. Alikuwa kijana wa kamera. Alikuwa ametoroka kazini, shati lake lina madoa ya ile damu yao ya kupaka. Alinipitishia flashi ndogo.

"Chukua hii, yaya. Nimeipunguza. Kilio imebaki dakika mbili, na ni nzuri, vraiment, kweli kabisa, haichoshi mutu. Nimejifunza kwao. Huko Zambia bataipenda."

Nilimtazama. Alikuwa ameikeshea kazi ile, niliona machoni. Ilikuwa zawadi.

"Dakika mbili zipi kati ya zile zote?"

"Zile za mwisho. Akilia."

"Na pale anamgombeza juu ya kupita njia ile? Na bantu banaingia na unga?"

"Yaya, ile ni mrefu."

"Ndiyo, ni mrefu."

Nikairudisha flashi mkononi mwake, nikamfunga vidole juu yake, nikamshika huo mkono mpaka kondakta akapiga bati. Filamu yenyewe, nzima, na robo saa yake yote, ilikuwa kwenye flashi nyingine ndani ya soksi yangu. Gari likatoka kuelekea mpakani.